Barabara Nimeipima

Safu ya wiki hii nimeiandika nimesimama, karatasi ziko juu ya friji. Daktari kanishauri nikae kwenye mto laini kwa siku 4. Mama watoto kasema mito ya kochi lake haikushonwa kwa ajili ya mtu aliyejitakia. Nimewaza, nikaona wote wawili wana hoja.

Chanzo ni mdomo. Tulikuwa harusini, pilau imeshashuka, soda ya pili iko mkononi, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayefanya kazi Dar es Salaam, akawa anawasimulia vijana wenzake habari za baiskeli yake mpya. Walimsikiliza kama watu wanaosomewa mirathi. Nikaona si haki. Nikasafisha koo, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni: "Nyinyi mnajifunza baiskeli. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimezaliwa juu ya baiskeli!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilifungulia bomba. Nikasema mkoa wa Tanga wote naweza kuuzunguka kwa baiskeli na jioni nikakaa kucheza bao.

"Mkoa wote, mjomba?" mpwa akauliza, kwa adabu zake zote.

"Wote."

"Na Lushoto?"

"Kwani Lushoto iko Mwanza?"

Msomaji, usinihukumu haraka. Tanga niliyozaliwa mimi ni Ngamiani, ambako mitaa imepewa namba, Barabara ya 1 hadi ya 21, na hakuna hata moja yenye mwinuko wa kumhemesha paka. Pale baiskeli si mchezo wala mazoezi, ni miguu ya pili. Mwalimu anayo, muuza samaki anayo, mama mwenye baibui anakupita na kapu lake la mboga, anapiga kengele, na jasho halimtoki. Mlima mrefu kuliko yote niliyowahi kuipanda kwa baiskeli ni tuta la reli. Kwa hiyo harusini sikusema uongo. Nilisema ukweli wa tambarare.

Wiki 3 baadaye mpwa akabisha hodi na baiskeli 2: yake, na nyingine aliyoazima kwa rafiki yake mwenye urefu kama wangu. Akasema hizi ni baiskeli za changarawe. Nikamuuliza changarawe ndiyo nini. "Barabara zisizo na lami, mjomba. Dunia nzima sasa watu wanazitafuta." Akaanza kunihubiria. Huko Marekani, jimbo la Kansas, mji wa Emporia, tangu 2006 watu wanashindana kwenye barabara za namna hiyo, maili 200 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2022 ukaanzishwa hadi ubingwa wa dunia, kule Italia. Jirani zetu Kenya wana mbio zao Maasai Mara tangu 2021.

Nikamwambia, mwanangu, sisi barabara isiyo na lami tuliiita barabara. Ile nyingine ndiyo iliyohitaji jina.

Nikaikagua hiyo baiskeli. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Siti nyembamba kama ulimi wa kiatu. Gia 12 nyuma, mbele duara moja tu. Tairi nene, milimita 45, lakini ndani hakuna tyubu; yametiwa maji meupe mfano wa utomvu wa papai bichi, na tundu likitokea eti yanakimbilia kuliziba yenyewe. Keria haina. Kengele haina. Madigadi haina. Stendi haina, ukitaka kuiegesha unatafuta mti. Bei yake siitaji, kwa sababu mhariri atadhani nimekosea sufuri. Kwa fedha hizo mwenye duka pale Ngamiani angekupa Phoenix 10, zote zina keria, kengele na taa ya dinamo, na yeye mwenyewe akakusindikiza hadi nyumbani.

Usiku akanionyesha njia kwenye simu: Lushoto mjini, Magamba, Lukozi, Sunga, mpaka Mtae. Kilomita 60 na ushee. Nikatabasamu, hiyo ni kama Tanga kwenda Muheza na kurudi, tena bado chenji inabaki. Lakini chini ya ramani kulikuwa na mchoro mwingine, wa rangi nyekundu, umekaa kama meno ya msumeno.

"Na hii nini?"

"Hiyo ni miinuko, mjomba."

"Mbona kuna mahali inashuka?"

"Hapo ndipo penye raha."

Sikujua bado kwamba mlima mmoja unaweza kuupanda mara 5, kwa kuwa kila ukishaupanda barabara inakurudisha bondeni ukauanze upya. Utaratibu huo niliwahi kuuona mahali pamoja tu: kwenye mkopo wa mtaani. Unalipa, unalipa, deni liko palepale.

Mpwa alitaka tuanzie Mombo. Mombo iko chini, mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko kama 1,400. Katikati ni kilomita 33 za lami inayojisokota ubavuni mwa mlima kupitia Soni. Hapo nikakumbuka kuwa mimi ndiye mjomba. Nikaamuru baiskeli zipande juu ya kosta na sisi tukae ndani, kama watu waliosoma.

Kosta ikaguna kona baada ya kona, mimi namenya mapeasi niliyonunua Mombo dirishani na kutafakari historia. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Mwaka 1905 ikafika Mombo, mwaka 1911 ikafika Moshi. Tazama ramani yake: ilipoiona milima ya Usambara haikuthubutu, imeambaa chini kwa chini kama mtu anayempita mdai wake. Lushoto waliipenda, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, lakini treni hawakuipandisha. Walipotaka mbao za mierezi kutoka Shume huko juu, walitandika nyaya hewani mpaka Mkumbara, magogo yakawa yanashuka yananing'inia. Watu waliokuwa na baruti, wahandisi na vibarua wa kushurutishwa waliutazama mlima huu wakaupa heshima yake. Mimi nilikuwa na chupa 2 za maji.

Asubuhi, baridi ya Lushoto inaweza kumfanya mtu wa pwani asahau jina la babu yake. Mpwa akanikabidhi bukta ya kubana, ina kigodoro pale mtu anapokalia.

"Na juu yake navaa nini?"

"Hakuna kitu, mjomba. Ndivyo inavyovaliwa."

Mtu wa miaka 51, mwenye wakwe, apite mbele ya misikiti na makanisa ya watu akiwa amechorwa vile? Nikatoa kikoi changu nikajifunga juu ya bukta. Mpwa akasema kikoi hakipatani na mnyororo. Nikamjibu kwamba mnyororo ndio usiopatana na kikoi, kikoi kilitangulia.

Mnyororo ulishinda kabla hatujafika Magamba. Ulikamata pindo, ukalivuta kwenye meno, ukatufunga mimi na baiskeli tukawa kitu kimoja, kisha tukalala pembeni ya barabara taratibu, bila ugomvi. Kilichookolewa ni nusu kikoi chenye grisi. Safari iliyobaki nilikivaa shingoni, na heshima yangu ikabaki mikononi mwa kile kigodoro.

Wahenga wanasema milima haikutani. Mhenga huyo hakufika Magamba. Kule milima inakutana, inakaa kikao, na ajenda ni wewe. Tuliingia kwenye msitu wa hifadhi, miti mirefu, kivuli kizito, na juu matawini wakakaa mbega, weusi kwa weupe kama mawakili, wakinitazama bila kusema neno. Mbele yangu kinyonga mwenye pembe alikuwa anavuka barabara. Mnamjua kinyonga: ananyanyua mguu, anaufikiria, anaurudisha. Nilisimama nipumue kidogo nikimpa nafasi. Nilipoinua kichwa, alishavuka na kupotea. Mimi bado nilikuwa nahema.

Nikashuka nikaanza kuisukuma. Wasambaa wana habari za Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu akapanda milima hii na mbwa wake, akawa anawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, mpaka wakamfanya mfalme. Ndio mwanzo wa Wakilindi waliotawala kutoka Vugha. Yeye alikuja kwa miguu akapewa ufalme. Mimi nimekuja na gia 12, nikapewa pole. Tena pole yenyewe nilipewa na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, akiwa ananipita.

"Pole, baba."

"Ahsante, mama. Lukozi bado mbali?"

"Hapo tu."

Kipimo hiki nimekisomea safari nzima. "Hapo tu" na kidevu kikanyanyuka kidogo, ni kilomita 3. Kidevu kikinyanyuka na midomo ikachongoka, ni 8. Yule mama alinyanyua kidevu, akachonga midomo, na akafumba macho.

Lami ilikuwa imeshatuaga. Sasa hii changarawe inayotafutwa dunia nzima, kwa wapenzi wake ni kitu kimoja, lakini mimi nilihesabu 4. Kuna vumbi jekundu linaloficha mawe. Kuna mawe yasiyojificha. Kuna mikunjo kama ya bati la paa, ukipita juu yake unatikiswa mpaka majina ya watoto wako yanabadilishana. Na kuna mfereji uliochimbwa na maji ya mvua katikati ya njia. Greda likipita linaufukia, mvua ikipita inaufukua. Mashamba yamening'inia kwenye miteremko, na udongo unashuka kila masika. Waingereza walijaribu kuuzuia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakawashurutisha watu kulima matuta, watu wakakataa mpaka mpango ukafa. Udongo ukaendelea na safari zake, na mwaka huu sehemu yake imefika kwenye mapafu yangu.

Ukafika ule mteremko wenye raha. Nilikamata breki zote mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Nyuma yangu nikasikia mluzi. Kijana, Phoenix, gunia 2 za kabichi kwenye keria na la tatu limekatishwa juu yake. "Pisha, mzee!" Akanipita kama habari mbaya. Breki hana, breki yake ni ndala ya mguu wa kulia, ameikandamiza kwenye tairi la nyuma. Harufu ya ndala inayoungua ilinifikia nusu dakika baadaye, yeye ameshapotea konani.

"Huyo hana vifaa sahihi," akasema mpwa, mwenye breki za diski zinazotumia mafuta.

Alikuwa bado anasema tairi lake likakutana na jiwe. Pyuu! Maji meupe yakaruka, yakampaka mguu mzima, na tundu halikuziba. Tukazisukuma wote wawili mpaka Lukozi, penye soko, Fuso zinapakia viazi na kabichi za kwenda mijini, na chini ya mti akawepo fundi baiskeli. Akalitoa tairi, akaingiza mkono ndani, akapapasa.

"Tyubu iko wapi?"

"Haina," mpwa akajibu.

"Wameiba?"

"Imetengenezwa hivyo, bila tyubu."

Fundi akaniangalia mimi, mtu mzima, kwa jicho la kuuliza naishije na kijana huyu. "Na haya maziwa?"

"Ndiyo yanayoziba pancha."

"Mbona hayajaziba?"

Mpwa akawa na shughuli na simu yake. Fundi akakata kipande cha tairi la pikipiki akakiweka ndani kama kiraka, akachukua tyubu ya Phoenix, akaona vali yake haiingii kwenye rimu. Akatafuta tupa akaanza kulipanua tundu. Kila mkwaruzo mmoja mpwa alifumba macho kana kwamba anachanjwa yeye. Robo saa, shilingi 3,000. Tunapoondoka fundi akatuita: "Keria ninayo pia, 15,000 tu. Msitembee na nusu baiskeli."

Baada ya Lukozi tukasimama mahali tupumzike. Tulivaa kofia ngumu, vizibao vinavyong'aa, mpwa ameinua simu anatafuta mtandao huku na huku. Akatokea mzee mmoja, koti zito, fimbo mkononi. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hatimaye mmefika."

"Tumefika wapi, mzee?"

"Kuipima barabara. Walikuja wengine zamani, kofia kama hizo. Wakapima, wakachomeka vijiti vyekundu, wakaondoka. Vijiti tunavyo bado, tunafungia mbuzi."

Kabla sijasema kitu, mpwa akaruka. "Hapana, babu, sisi tunaendesha tu! Barabara yenu ni nzuri sana. Watu wanatoka Ulaya, wanalipa fedha nyingi kutafuta barabara kama hii. Msikubali iwekwe lami!"

Mzee akanyamaza. Akaigeukia barabara akaitazama kwa makini, kama mtu aliyeambiwa kuna sarafu imemdondoka. Akatazama juu, akatazama chini.

"Nzuri," akasema. "Masika iliyopita Fuso ilizama pale kwenye kona siku 3. Kabichi zilioza mpaka kijiji kizima kikanuka. Mkwe wangu aliposhikwa na uchungu tulimbeba kwa machela usiku, mpaka tulipopata gari. Sasa hao watu wa Ulaya, wakishaiendesha, wanalala wapi?"

"Hotelini, Lushoto mjini."

"Wanarudi na nini?"

Mpwa akasita. "Mara nyingi wanafuatwa na gari, babu."

"Ahaa." Akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, unalipwa shilingi ngapi kwa kazi hii?"

"Silipwi, mzee."

"Basi kuna mtu anakudai."

Nikamwambia mimi ni mwandishi wa gazeti, huku nimekuja kwa sababu ya mdomo. Akatikisa kichwa kama anayeujua ugonjwa huo. "Basi kama hupimi, andika," akasema, akaendelea na njia yake. Alikuwa anapanda. Tulimwona kwa muda mfupi tu, kwa kuwa alikuwa na kasi kuliko sisi.

Kutoka pale mpwa hakuzungumza tena mambo ya Kansas. Kansas yenyewe niliwahi kusikia ni tambarare. Nyie watu wa tambarare wote ni mashahidi wangu.

Mtae tuliingia jioni. Ni kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, ardhi inakatika ghafla, chini ni nyika ya Mkomazi, mbele milima ya Pare, na siku ikiwa safi unaiona Kilimanjaro. Siku yetu haikuwa safi. Tuliona ukungu, mpwa akaupiga picha kutoka pande 3. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia kuhusu mtu anayeendesha siku nzima kwenda kutazama ukungu, ndipo ukapasuka kidogo, kama pazia lililosukumwa na mtoto, na nyika yote ikaonekana imelala chini, jua la mwisho juu yake, na vivuli vya mawingu vinatembea polepole bila kuhitaji gia. Nisiseme uongo, nilinyamaza. Wanaonijua wataelewa uzito wa jambo hilo. Kisha ukungu ukafunga, na kiuno kikanikumbusha nilipo.

Kesho yake kurudi kwa baiskeli hakukujadiliwa. Tulipanda basi la alfajiri, baiskeli zikafungwa juu pamoja na magunia. Nilipata siti, nikaitazama, nikampisha mama mmoja. Abiria wakanisifu kwamba waungwana bado wapo. Sikuwasahihisha.

Karibu na Lukozi, kwenye ile kona ya Fuso, basi likapunguza mwendo likaanza kutambaa, upande mmoja gurudumu linatafuta ardhi. Na mzee wangu alikuwepo, palepale, na fimbo yake. Akaniona dirishani nimesimama, nimeshika bomba la juu kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu! Umeandika?"

"Bado, mzee. Lakini nimeipima!"

"Yote?"

"Yote. Jiwe kwa jiwe."

"Kwa kifaa gani?"

Basi zima likageuka kunitazama. Yule mama niliyempisha siti naye akageuka, na nikaona usoni mwake kwamba uungwana wangu ameshauelewa. Nikaona mzee wa umri ule hastahili kudanganywa. Nikageuka kidogo, nikamwonyesha.

Ripoti ya upimaji ndiyo hii. Naiwasilisha kwa wahusika, nikiwa nimesimama.